Kubadili IC mwenyewe nyumbani: kuchomelea ndo sehemu rahisi

Hapa Tanga kuna ubishi hauishi, ukikaa kidogo Ngamiani kwenye vibanda vya mafundi utausikia. Vijana walionunua blowa (ya kupuliza hewa ya moto) na pasi ya kuchomelea wanasema kubadili IC (zile chipu nyeusi kwenye bodi ya TV au simu) ni kazi ya kufanya nyumbani tu, video si zimejaa YouTube. Mafundi wakongwe wao wanasema TV ikifa bodi usijisumbue, tafuta bodi nzima, zile za kichina zinazokubali karibu TV yoyote, funga, mteja aende zake. Mi naona wote wana hoja ila ubishi wenyewe wameuweka sehemu ambayo siyo.

Tuanze na vijana maana wanadharauliwa bure. IC ya miguu 8 inayoonekana, miguu imeachana milimita 1.27, hata anayeanza akifanyia mazoezi kwenye bodi za kutupa ataiweza. Shida kubwa ni joto. Solda ya zamani yenye madini ya risasi (ile 63/37) inayeyuka kwenye nyuzi 183, lakini Ulaya walibana matumizi ya risasi kuanzia Julai 2006 na viwanda vingi vikafuata, kwa hiyo bodi nyingi za sasa zina solda inayotaka nyuzi 217 na kuendelea, na kama mguu umeshika kwenye shaba pana ya ethi joto lote linanywewa. Sasa mtu anaona haitoki, anavuta kwa nguvu, inatoka na njia ya shaba. Dawa yake paka fluksi (ya kusaidia solda itiririke) ya kutosha, ongezea solda ya zamani juu ya miguu ichanganyike, ndo upulize. Halafu iguse IC kidogo tu na kibanio, ikiogelea na kujirudia yenyewe mahali pake basi imeiva, inyanyue.

Zile ambazo miguu yake ni vijipira vimejificha tumboni, hapo nasimama na wakongwe. Huoni unachochomelea, bodi inataka joto kutokea chini yake pia, na kwenye simu mara nyingi imegandishwa na gundi. Kwa blowa peke yake mezani kwako utayeyusha plastiki za jirani na bodi itapinda, achana nayo.

Ila tuseme mkono unao. Sasa umejuaje kama ni hiyo IC? Hapa ndo vijana wengi wanakwama na ndo hawapendi kupaongelea. TV imeganda kwenye logo, mtu anasikia "badili flash", anaagiza 25Q64 (namba ya IC hiyo ya flash) Kariakoo, anachomelea safi kabisa inang'aa, TV hata logo haitoi tena. Bwana, hiyo IC ndo imebeba programu ya TV, megabaiti 8 nzima, na mpya inakuja tupu! Ilitakiwa usome ya zamani kwanza na programa (kifaa cha kusoma na kuandika IC), upate programu ya modeli hiyohiyo, ndo uijaze mpya. Na zile programa nyeusi za bei rahisi, CH341A, nyingi zinapeleka volti 5 kwenye njia za data wakati IC inataka 3.3, nyingine 1.8, unaweza kuiua kabla haijafika kwenye bodi. Bado kuna IC feki, imekwanguliwa maandishi ikaandikwa upya. Na wakati mwingine IC nzima kabisa, kilichopiga shoti ni kapasita (kijidude cha kutunza chaji) ndogo pembeni yake, au kwa nyumba za huku Raskazone karibu na bahari ni kutu ya kijani kwenye miguu, spiriti na mswaki vinatosha.

Wakongwe nao wasijifanye. Bodi nzima inamtoa mteja siku hiyohiyo, hiyo kweli, na fundi kula lazima. Lakini zile bodi zina kijumpa (kiunganishi kidogo cha kuhamisha) cha kuchagua volti ya kioo, 3.3, 5 au 12, ukikosea kioo kinaweza kufa, na kioo ndo TV yenyewe. TV iliyokuwa smati unaweza kurudishiwa ya kawaida bila kuambiwa, na bodi ya zamani inaenda jalalani kwa kosa la kitu kimoja kidogo.

Nyumbani kuna watoto pia. Kapasita kubwa upande wa umeme inakaa na volti zaidi ya 300 hata plagi ikishachomolewa, na solda ya risasi haitakiwi kukaa meza moja na chakula, nawa mikono.

Mi ningekuwa na kibanda Barabara ya 12 nisingeuza bodi wala blowa. Ningekaa na multimita na programa nzuri, uniletee bodi nikwambie kilichokufa, kama ni flash nikujazie programu, nichukue changu, we ukachomelee kwenu.