Kihenge cha Mke, Zizi la Mume

Mazungumzo kuhusu akina mama wa vijijini wa zamani yanapozuka hapa Dodoma, wasemaji hugawanyika upesi. Wapo wanaodai kwamba mke wa mkulima wa Ugogo, yaani nchi ya Wagogo hapa Dodoma, alikuwa mtumishi asiyelipwa, aliyetolewa mahari ya ng'ombe ili alime, azae na asage mpaka mgongo upinde. Wapo wanaojibu kwamba yeye ndiye aliyekuwa mwenye nyumba hasa, na kwamba mwanamume mwenye akili hakuthubutu kutia mkono katika kihenge, yaani ghala la nafaka, cha mkewe bila ruhusa. Naona pande zote mbili zina ushahidi wa kutosha, lakini zinabishana juu ya uzito wa kazi na kiasi cha heshima, ilhali jambo linalohitaji kupimwa ni hili: nafaka iliyotokana na jasho la mama ilipogeuka mali ya kudumu, mali hiyo ilihesabiwa kuwa ya nani?

Kuhusu kazi, hakuna haja ya kubishana sana. Nchi hii hupata msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na katika miaka mingi mvua hiyo haizidi sana milimita 500, kwa hiyo anayechelewa kupanda uwele au mtama kwa majuma mawili huenda akavuna mabua matupu. Baada ya kupanda kulikuwa na palizi kwa jembe la mkono, na baada ya palizi kulikuwa na kuamia ndege, kwa kuwa kwelea kwelea wakiachiwa shamba asubuhi moja tu hawabakizi kitu. Kiangazi nacho hakikuwa mapumziko, maana ndipo maji yalipofuatwa kwenye makorongo makavu, ambako mama alichimba mchanga na kusubiri yachuruzike kidogo kidogo hadi mtungi ujae.

Palikuwa na kazi nyingine ambayo wanaoisifu zamani huisahau, labda kwa sababu ilifanyika ndani ya tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, mbali na macho ya wageni. Unga wa uwele ukikaa siku chache huanza kuwa mchungu. Kwa sababu hiyo mama hakuweza kusaga wa juma zima akapumua. Ilimbidi apige magoti mbele ya jiwe la kusagia karibu kila siku, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni, ili jioni pawe na ugali wa kuliwa kwa mlenda. Katika maisha ya mama wa kijijini hapa, sidhani kama kuna kilichomwondolea mzigo kuliko mashine ya kusaga, pamoja na hotuba zote alizosomewa kuhusu maendeleo.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikiri jambo hili bila kupepesa macho: lilisema wanawake wa vijijini wakati mwingine hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, na kwamba hakuna Mtanzania anayewazidi kwa kazi, wanaume wa vijijini likawaelezea kuwa watu walio likizoni nusu ya maisha yao. Maneno hayo yalikuwa makali mno kwa Mgogo aliyefyeka pori, akachimba visima vya kunyweshea na kutafuta malisho ya mbali wakati wa ukame. Hata hivyo, uchungaji wa kila siku mara nyingi ulikuwa wa vijana, na saa nyingi za kazi ya shamba na jikoni zilikuwa za mama.

Upande wa pili nao haukosi hoja. Katika kaya yenye wake kadhaa, kila mke alikuwa na nyumba yake, mashamba yake na akiba yake ya chakula, na uamuzi wa kupima nafaka ya leo na ya mwezi ujao ulikuwa wake. Katika nchi ambayo njaa ilirudi mara kwa mara, uamuzi huo ulikuwa mamlaka ya kweli. Njaa ya Mtunya, iliyoiangamiza Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920 baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, ilionyesha nini hutokea mvua inaposhindwa huku vihenge na mazizi vikiwa vimekwisha kukombwa. Na ngoma ya muheme, ambayo hadi leo hupigwa na wanawake wenyewe, haikutoka kwa watu wasio na sauti.

Lakini tufuate nafaka inapotoka kihengeni. Mwaka wa mavuno mema, ziada ilibadilishwa kwa mbuzi, na mbuzi wakaja kuwa ng'ombe. Mwaka wa njaa ng'ombe hao waliuzwa ili chakula kipatikane. Zizi basi lilikuwa benki ya kaya, na sehemu ya amana iliyowekwa humo ilitoka katika jembe la mke. Funguo za benki hiyo, yaani neno la mwisho la kuuza, kuoza vijana na kurithisha, zilikuwa kwa mume na ukoo wake. Mama alitawala kile kinacholiwa kikaisha, wala hakutawala kile kinachozaliana.

Kanuni za sheria za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba ziliyaandika haya waziwazi: mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, bali fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Anayetetea mpangilio huo atasema mama hakutupwa, na ni kweli palipo na watoto wema na wenye uwezo. Kwa aliyezaa watoto waliokufa au waliohamia mbali, fungu hilo lilikuwa maneno matupu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilifungua njia nyingine, nayo Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, ikatamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Mara nyingi husahauliwa kwamba mwanamke huyo mwenyewe alishindwa rufani yake, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizokwisha kupewa na mumewe akazitapanya zilikuwa fungu lake. Isitoshe, kanuni hiyo huamka ndoa inapovunjwa mahakamani. Kwa mke aliyeishi na mumewe kwa amani hadi kifo kikawatenganisha, na hao ndio waliokuwa wengi katika tembe za Mvumi na Mpwapwa, zizi liliendelea kuhesabiwa na shemeji zake.