Wiki 6 si za kila mfupa

Makala moja niliyosoma inasema mfupa uliovunjika huunga kwa wiki 6. Kwa kidole, huenda. Muundi wangu ulimaliza miezi 10 bila kuunga, na kila nikikanyaga nilihisi pale palipovunjika panacheza.

Mfupa ukivunjika, damu inayovuja na kuganda pale ndiyo mwanzo wa kuunga. Mahali pake huota gegedu laini, ambalo baadaye hugeuka mfupa mgumu. Kwenye eksirei utauona umevimba kama fundo la mti. Fundo hilo kuchongeka hadi likae sawa ni suala la miezi, hata miaka.

Yote hayo yanataka damu ya kutosha, na muundi kule chini hauna nyama nyingi za kuuletea damu. Sigara huibana zaidi. Nilikuwa navuta, na hakuna aliyeniuliza! Jamani, waulizeni wagonjwa. Wengine hukwamishwa na kisukari, vijidudu kwenye jeraha, au mfupa usiotulia. Ndugu unayeumia bado baada ya miezi kadhaa, rudi ukapigwe picha tena. Mimi walinipasua, wakachota mfupa kidogo nyongani, wakaupachika muundini na kuukaza kwa chuma. Ndipo ukaunga.