Nara si mji wa kwenda na kurudi

Kila anayepanga kwenda Japani na mpenzi wake hupewa ratiba ileile: siku tatu Kyoto, na katika hizo umege nusu siku ukawaone kulungu wa Nara, jioni urudi. Mimi na mume wangu tuliifuata ratiba hiyo mara ya kwanza. Tulishuka kwenye treni saa tano asubuhi, tukawalisha kulungu, tukaiona sanamu ya Buddha mkubwa kwa kuchungulia juu ya vichwa vya watu, na saa tisa alasiri tulikuwa kituoni tena. Mara ya pili tulikwenda kulala, siku mbili. Tangu hapo, rafiki yeyote anayeniuliza kuhusu fungate au safari ya kuadhimisha ndoa namwambia neno moja: lala Nara. Kama kuna mji wa kupita kwa saa chache, basi uwe Kyoto.

Kyoto ni mji mzuri, sibishani na hilo. Lakini wawili wenye siku tatu tu huziteketeza wakiwa kwenye foleni za mabasi na katika vijia vya Gion, mtaa wa kale wa geisha, wale wanawake wasanii wa Kijapani, ambako wenyeji, kwa kuchoshwa na wageni wanaowakimbiza wanawake hao kwa kamera, waliamua mwaka 2024 kufunga baadhi ya vichochoro vya binafsi na kuweka faini ya yeni 10,000. Mapenzi hayataki hekaheka namna hiyo. Nara ipo umbali wa dakika 35 tu kwa treni ya haraka ya kampuni ya Kintetsu, na ilikuwa mji mkuu kabla ya Kyoto, tangu mwaka 710 hadi 784.

Siri yake ni jioni. Kuanzia saa kumi alasiri wageni wa mchana huteremka kuelekea kituoni, makundi kwa makundi, na ninyi mnapanda. Kulungu, ambao ni zaidi ya elfu moja na ambao wenyeji huwahesabu kuwa wajumbe wa mungu wa hekalu la Kasuga, huacha kuombaomba biskuti na kujilaza kwenye majani. Pandeni moja kwa moja hadi Nigatsu-do, ukumbi wa mbao uliojengwa ubavuni mwa kilima, nyuma ya Todai-ji, hekalu la yule Buddha mkubwa. Baraza lake linatazama magharibi. Hakuna kiingilio, na halifungwi usiku. Jua huzama mbele yenu, paa kubwa la Todai-ji likiwa chini upande mmoja, kisha kandili za barazani huwashwa na mji nao huanza kuwaka taa moja moja. Tulikuwepo watu wasiozidi kumi. Hakuna aliyesema kwa sauti. Nimeishi na mume wangu miaka mingi na bado nasema ile ilikuwa saa bora ya ndoa yetu.

Wapo watakaolalamika kwamba Nara hulala mapema, na ni kweli. Migahawa mingi hufunga jikoni mapema kuliko mlivyozoea, kwa hiyo wekeni nafasi ya chakula cha jioni kabla, au lipieni nyumba ya wageni ya Kijapani inayowapikia. Mimi nasisitiza hili la pili, walau kwa usiku mmoja. Ni ghali, lakini ndiyo sehemu ya safari isiyofaa kubanwa. Mnavua viatu mlangoni, mnapewa mavazi mepesi ya pamba, mnakula chumbani au ukumbini vyakula vingi vidogovidogo, kimoja baada ya kingine, na mkimaliza mnakuta godoro limetandikwa juu ya mkeka. Yapo mambo mawili ya kuuliza kabla ya kulipa. La kwanza ni bafu: mabafu ya pamoja hutenganisha wanaume na wanawake, basi ulizeni kama kuna bafu la kukodi kwa saa kwa ajili yenu wawili tu. La pili ni chakula. Msiokula nguruwe wala kugusa kileo semeni siku nyingi kabla, maana divai ya mchele huingia hata kwenye mchuzi usioudhania. Kwa taarifa ya mapema nyumba nyingi hujitahidi; kwa taarifa ya mlangoni haziwezi.

Asubuhi waliopika kwa utamaduni wa Nara watawaletea chagayu, uji wa mchele uliochemshwa kwa chai. Sisi tuliolelewa kwa uji hatuhitaji kufundishwa namna ya kuupenda.

Amkeni mapema. Njia ya kwenda Kasuga alfajiri ina ukungu na kandili za mawe zilizoota kuvu, mamia kwa mamia, pande zote mbili. Kandili za mawe na za shaba katika hekalu hilo hufikia karibu 3,000, na huwashwa zote mwanzoni mwa Februari, kwa kawaida tarehe 3, na tena Agosti 14 na 15. Mimi ningechagua Februari: ni baridi kali, watu ni wachache kuliko msimu wa maua, na mtatembea mkiwa mmeshikana kwa sababu ya kweli. Kisha teremkeni Todai-ji mlango unapofunguliwa, saa moja na nusu asubuhi kuanzia Aprili hadi Oktoba, saa mbili katika miezi ya baridi. Buddha yule wa shaba, mwenye urefu wa takriban mita 15, alizinduliwa mwaka 752. Mtawa kutoka India, Bodhisena, ndiye aliyemchora mboni za macho, na kwenye brashi yake zilifungwa nyuzi ndefu ambazo waliohudhuria walizishika, ili kila mtu awe na mkono wake katika tendo lile.

Lakini lililonifunga na Nara liko nyuma ya jengo hilo, mahali ambapo wageni wa nusu siku hawafiki. Ni Shoso-in, ghala la mbao lililoinuliwa juu ya nguzo. Mfalme Shomu, aliyeamuru Buddha yule atengenezwe, alifariki mwaka 756. Siku ya 49 baada ya kifo chake, mkewe Komyo alivikusanya vitu alivyovipenda, zaidi ya 600, akavitoa kwa Buddha, na akaandika kwamba kuviona kunamrudishia siku zilizopita na kumvunja moyo. Kimo kinanda cha nyuzi tano kilichonakshiwa kwa lulumizi, chenye picha ya mtu anayepiga muziki juu ya ngamia. Vingi vipo hadi leo. Kila vuli vichache hutolewa na kuonyeshwa katika Makumbusho ya Taifa ya Nara; ghala lenyewe hutazamwa kwa nje tu, siku za kazi, bila malipo.

Tulisimama pale peke yetu. Mume wangu akaniuliza, kama ningekuwa Komyo, ningeanza kutoa kitu gani chake. Nikafikiri saa yake ya mkono, nikafikiri vitabu vyake, lile koti la kijivu alilolivaa asubuhi ile. Nikamwambia koti silitoi. Akacheka, akalivua akanivisha, na tukarudi taratibu kupitia bustanini, kwa kuwa treni yetu ilikuwa ya mchana na hatukuwa na pengine pa kuwahi.