Dishi la Njiro na sumaku ya Jua

Kila Machi, kwa siku chache, televisheni ya mama mkwe wangu huko Njiro, Arusha, huganda mnamo saa sita na nusu mchana. Mara ya kwanza tuliita fundi. Akapanda juu ya bati, akakaza nati, picha ikarudi, akalipwa chake. Kesho yake saa ile ile ikaganda tena. Jua lilikuwa limepita nyuma ya satelaiti, na Jua nalo hurusha mawimbi ya redio. Likijaa dishini, satelaiti haisikiki.

Kelele hizo zilijulikana mwaka 1942, J. S. Hey wa Uingereza alipochunguza rada za jeshi zilizovurugwa, watu wakidhani ni hila ya Wajerumani. Uhondo wenyewe uko angani, juu kidogo ya madoa ya Jua, yale mabaka meusi yenye sumaku kali. Huko elektroni huzunguka kwenye uga wa sumaku, mara milioni 2.8 kwa sekunde kwa kila gausi, kipimo cha nguvu ya sumaku. Sumaku ikiwa kali, masafa ya mawimbi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, nayo hupanda.

Ndiyo maana wapo wanaosema redio ndiyo kipimo cha kweli cha sumaku ya Jua, na wana hoja. Mwanga, alioutumia George Ellery Hale mwaka 1908 kuthibitisha kwamba madoa yana sumaku, husoma zaidi uso wa Jua. Sumaku ya korona, anga la nje la Jua huko juu penye milipuko, hukadiriwa zaidi kwa hesabu. Redio hutoka hukohuko.

Ila mizani hii ina mawe mawili. Wimbi la gigahezi 5, yaani mitetemo bilioni 5 kwa sekunde, laweza kutokea penye gausi 600 hivi, au 900 hivi, kutegemea kama elektroni zinatoa mara tatu au mara mbili ya mzunguko wao. Wala halisemi limetoka kimo gani. Ni kusoma kipimajoto bila kujua kilikuwa kwapani au kwenye maji ya chai.

Mimi naegemea redio, kwa sharti isomwe pamoja na ramani ya mwanga. Na si kwa dishi la Njiro: la sentimita 90 huona nyuzi kama 2 za anga, Jua zima ni nusu nyuzi, doa litaonekanaje? VLA, darubini ya redio ya New Mexico, Marekani, huunganisha madishi 27 ili kulitenga doa moja.

Nilimweleza mama mkwe yote hayo. Akauliza, "Na mwezi wa tisa je?"

Itaganda, mama. Fundi tusimwite.