Zabibu zetu hazina geti

Jumamosi moja ya Septemba, katika kijiji cha Königsbach kusini magharibi mwa Ujerumani, nilikuta shada la majani limening'inizwa juu ya geti la nyumba ya mtu. Nikadhani kuna harusi. Mwenzangu ninayefanya naye kazi ya uuguzi akanivuta mkono: "Twende ndani, wamefungua." Ndani ni ua wa mkulima kama ua mwingine wowote. Trekta pembeni, mbwa amelala kivulini, mabenchi manne, na mama mwenye nyumba anapita na jagi la mvinyo. Nilipomuuliza zabibu zake zimetoka wapi, aliweka jagi mezani, akatutoa mpaka getini na kutuonyesha kwa kidole: mistari ile, kuanzia ukuta wa mawe hadi kwenye mlozi. Tulikuwa tumeipita dakika kumi kabla.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa zabibu. Nimezaliwa Mpunguzi, barabara ya Dodoma kwenda Iringa, na baba yangu ana ekari mbili. Kupogoa nilifundishwa nikiwa darasa la tano. Najua kumwaga salfa ubwiriunga unapoanza kuweka unga mweupe kwenye majani, na najua maumivu ya mgongo ya siku ya tatu ya mavuno. Lakini nimefika umri wa miaka 31 bila kuonja hata glasi moja ya mvinyo ambayo ningeweza kusema hii imetoka shambani kwetu. Hilo liliniuma pale kwenye benchi, na bado linaniuma.

Njia inayopita katika vijiji vile wanaiita Deutsche Weinstraße, Barabara ya Mvinyo. Ina urefu wa kilomita 85 hivi, kutoka Bockenheim mpaka Schweigen, mpakani kabisa na Ufaransa, ndani ya eneo la Pfalz. Kwa gari unaimaliza asubuhi moja, lakini ukifanya hivyo hujaiona. Mimi huwa napanda treni hadi Neustadt, halafu natembea kwa miguu: Gimmeldingen, Königsbach, Deidesheim, Forst. Kila kijiji kina familia kadhaa zenye mashamba, mashine ya kukamulia na ghala chini ya nyumba, na jina la familia liko kwenye chupa. Meza ni za kuchangia. Ukikaa, mtu usiyemjua anakusogezea glasi ya nusu lita, nene, yenye vishimo vya duara ili isiteleze mkononi, ndani mna mvinyo uliochanganywa na maji ya gesi. Unakunywa funda, unampa wa pili. Mara ya kwanza nilikumbuka kata ya pombe ya mtama inavyozungushwa kwa wazee wetu, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii sikujiona mgeni.

Kuna jambo moja ambalo sitalificha. Barabara hii ilianzishwa mwaka 1935, wakati wa utawala wa Wanazi. Mavuno yalikuwa makubwa, mvinyo ulijaa mapipani na bei ikaanguka. Wafanyabiashara wengi walionunua na kusambaza mvinyo wa Pfalz walikuwa Wayahudi, na utawala ule ule ulikuwa unawafukuza kwenye biashara yao. Kwa hiyo wenye mamlaka waliovunja soko ndio waliokata utepe wa barabara ya kutafuta wanunuzi. Nalitaja kwa sababu ni haki ya wale waliofukuzwa litajwe. Jambo lililonifikirisha ni lile lililoendelea baada ya utawala huo kuanguka: wakulima walibaki na desturi ya kumleta mnywaji mpaka uani.

Na sheria inawasaidia. Ule ua wenye shada unaitwa Straußwirtschaft. Mkulima anaruhusiwa kuufungua kwa muda usiozidi miezi minne kwa mwaka, viti visizidi 40, auze mvinyo wake mwenyewe na chakula chepesi cha nyumbani, bila kuhangaikia leseni ya mgahawa. Akimaliza anashusha shada, anarudi shambani.

Sasa tuje nyumbani. Ndugu zangu, Mungu ametupa kitu ambacho hawa hawana. Mzabibu wa Pfalz unalala miezi yote ya baridi, umekauka kama kuni, na mavuno ni mara moja tu. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza. Ukiupogoa unaamka, na mwenye maji anavuna mara mbili kwa mwaka. Pale Forst wamejaza mawe meusi ya volkano katikati ya mizabibu ili yatunze joto la mchana. Niliyagusa jua likiwa limeshazama, yalikuwa bado na uvuguvugu. Watu walibeba mawe kutoka mlimani kutafuta joto ambalo Dodoma tunalikimbia chini ya miti!

Tuna hata zabibu yetu wenyewe. Makutupora nyekundu imepewa jina la mahali, kaskazini mwa mji wa Dodoma, kilipo kituo cha utafiti wa zabibu. Huku kuna Dornfelder, zabibu nyekundu iliyozalishwa na mtafiti mwaka 1955 kwa kuchanganya mbegu mbili, umri wake hauzidi wa bibi zetu. Leo mtu anaingia dukani anaitaja kwa jina. Nani Dar es Salaam anaingia baa akaomba Makutupora?

Msimu mmoja wa Agosti nikiwa sekondari, mnunuzi aliyepatana na baba alichelewa wiki tatu. Zabibu haingoji mtu. Ndege walianza, wakafuata nyuki, kisha vichala vikasinyaa na kuvuja juu ya waya, harufu ya uchachu imejaa shamba zima. Alipofika alitaja nusu ya bei waliyokubaliana. Baba alimwangalia muda mrefu, akasema sawa, pakieni. Ada ya mdogo wangu ilikuwa inadaiwa. Mimi nilikuwa nimesimama pale na ndoo, na mpaka leo nikisikia mtu anasema mkulima wa zabibu hajui biashara, namwona baba yangu akisema sawa.

Siku hizi baadhi ya wakulima wanakamua na kuuza mchuzi wa zabibu kwa lita. Ni nafuu kubwa, maana mchuzi haudondoki kwenye waya. Lakini nao unatiwa kwenye mapipa ya plastiki, unakutana na wa watu wengine, na jina unalipata mbele ya safari. Wa Mpunguzi na wa Hombolo wote unaishia kuwa hauna jina la kijiji.

Wengine wataniambia mvinyo unataka baridi, matangi na mtaalamu, na ekari mbili haziwezi kubeba hayo. Ni kweli, haziwezi. Hata huku si kila familia iliweza. Pale Deidesheim wakulima waliungana mwaka 1898 wakajenga ghala la pamoja, na ushirika sisi hatuhitaji kufundishwa na mtu, AMCOS, vyama vyetu vya ushirika vya wakulima, tunazo. Nadai kidogo tu: ghala moja la ubaridi kwa kijiji, mchuzi wa kila kijiji utengwe, chupa iandikwe jina la kijiji, na halmashauri itoe kibali chepesi cha msimu kwa mkulima kukaribisha wageni uani kwake. Njia yenyewe ipo. Treni ya SGR inamfikisha mtu wa Dar mpaka Dodoma tangu 2024. Kutoka mjini anakwenda Bihawana, ambako wamisionari walipanda mizabibu na kutengeneza divai ya misa, anashuka Mpunguzi. Kesho yake Makutupora, kisha Hombolo kwenye bwawa. Tumpe ugali wa uwele na mlenda, asikilize zeze. Na asiyekunywa pombe, ambao ni wengi kwetu na nawaheshimu, apewe juisi. Kwenye meza za Pfalz watoto na madereva wanakunywa juisi ya zabibu zile zile, na mkulima analipwa vile vile.

Nilipompigia baba kumsimulia habari za lile shada, alinyamaza, nikafikiri simu imekatika. Kisha akauliza: "Mwanangu, huyo mama anapanga bei mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo baba, ameiandika kwa chaki kwenye kibao. Akauliza tena, kama vile hajasikia.

Mvinyo kwa sasa hawezi kuuza, vibali hana. Ila mwezi wa nane nina likizo, na tumekubaliana tuanze na zabibu mbichi na juisi. Mdogo wangu ameshachonga benchi mbili, zimewekwa chini ya mwarobaini unaotazama barabara. Kibao cha kuandikia bei baba amesema nisimnunulie, atatengeneza mwenyewe. Ameniagiza chaki tu.