Meli Moja, Lakini Mimi Nilipanda Nyingine

Mtu akikwambia ametoka kula raha kwenye meli ya kitalii huko Karibi, kabla hujamwonea kijicho muulize kwanza: ulilala ghorofa ya ngapi? Jibu lake ndilo safari yenyewe. Mengine yote ni picha za WhatsApp.

Sisi tuliondokea Galveston, Texas, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Houston tunakoishi. Ilikuwa Desemba, shule zimefungwa. Ukoo mmoja, meli moja, siku zilezile. Lakini leo ukitukalisha sebuleni utusikilize, utadhani tulipanda meli tatu na moja kati ya hizo ilizama.

Chanzo ni mgawanyo wa vyumba. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, na mtu mwenye adabu zake halali chumba kimoja na mkwewe, hata kama ni melini, hata kama kitanda cha ziada kinashushwa kutoka darini. Kampuni ya meli haijui habari za ukwe. Yenyewe inajua "wageni wanne, chumba kimoja, punguzo". Basi ikabidi tujigawe wenyewe. Mke wangu, mama yake na binti yetu wakachukua chumba chenye roshani, wakifungua pazia wanaiona bahari. Mimi na kijana wangu wa kidato tukasukumiwa chumba cha ndani. Cha ndani maana yake hakina dirisha. Ukizima taa hujui kama ni mchana, ni usiku, au umeshafariki. Na kule juu, ambako lifti haikupeleki mpaka uguse kadi maalumu, akakaa shemeji yangu na mkewe. Shemeji ana malori Dallas, kwa hiyo akisafiri lazima akae mahali ambapo hata lifti inaomba kitambulisho.

Sasa nani unadhani alilalamika kuliko wote? Siyo mimi. Mimi nalalamika leo, nimesharudi, niko kwangu. Shemeji alianza kabla nanga haijang'olewa. "Shem," ananiambia, "hawa watu hawako makini kabisa. Nimeagiza kahawa chumbani, imefika vuguvugu." Wakati huo nimesimama foleni ya kaunta ya wageni, kadi yangu haifungui mlango, begi langu halijafika, na mwanangu ameshajiunga na intaneti ya meli kwa akaunti ya chumba, kwa bei ambayo Houston ningelipia mwezi mzima. Shemeji hana foleni. Ana ukumbi wake, na ana mtu aliyeajiriwa kumsikiliza. Nikamwambia pole kwa kahawa.

Pale kwenye foleni ndipo nilipokutana na elimu ya bakshishi. Ukinunua tiketi unaona bei nzuri, unaita familia, mnashangilia. Halafu kuna kodi za bandari. Halafu kuna bakshishi inayokatwa yenyewe, dola kama 16 mpaka 20 kwa kichwa kwa siku, na kichwa cha mtoto kinahesabiwa sawa na cha babu. Ukinunua soda, asilimia 18 au zaidi inapanda juu yake bila kupiga hodi. Kampuni nyingi zinakuruhusu uende kaunta uombe ile ya kila siku ipunguzwe. Bwana mmoja mbele yangu alikuwa amekuja kwa kazi hiyo, na alijieleza kwa sauti ambayo hata injini iliisikia: huduma haikumridhisha. Tumepanda meli mchana huohuo! Usiku namwona mezani anamshika mhudumu bega, anamwita "rafiki yangu", anaomba nyama ya pili.

Mambo ya chumbani nayo. Kule kwa kina mama, kila jioni mhudumu, kijana wa Kiindonesia, alikuwa anakunja taulo zinakuwa wanyama. Leo tembo kitandani, kesho nyani ananing'inia kwenye kiango cha nguo amevaa miwani ya mama mkwe. Binti yangu anapiga kelele za furaha mpaka jirani anagonga ukuta. Mimi nikirudi kwangu nakuta taulo mbili, bapa, zimetulia mlangoni. Nikauliza kwa upole kama sisi tuna kosa. Yule kijana akaniinamia, akanionyesha kibao kwenye kitasa: "Tafadhali msisumbue." Mwanangu alikitundika tangu Galveston, maana kwake saa tano asubuhi ni usiku wa manane. Nikakitoa. Akakirudisha. Mpaka tunashuka sikupata hata kuku wa taulo.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa na meli yake peke yake. Siku ya kwanza, wakati wa mazoezi ya dharura, sisi wengine tulitazama video kwenye simu huku tukitafuna, tukaenda kuskaniwa kadi, tukamaliza. Yeye hapana. Yeye amewahi kuvuka kwenda Pemba, anaujua mkondo wa Nungwi, na anaheshimu maji. Akamwambia yule mhudumu amwonyeshe namna ya kufunga jaketi la kuokolea, akalivaa, akauliza filimbi iko wapi, akaipuliza. Mhudumu akacheka mpaka akafuta machozi. Tangu hapo wafanyakazi wa sitaha ile wakamwita "Mama", na habari zikapanda na kushuka ngazi zote.

Wafanyakazi wa meli wanavaa vibao vyenye jina na nchi wanayotoka, na mama mkwe alikuwa anavisoma vyote, polepole, kama anahakiki daftari la wapiga kura. Ufilipino. Indonesia. India. Peru. Anamuuliza kila mmoja: mama yako mzima? Una watoto? Hujambo mguu, naona unachechemea? Mke wangu akawa mkalimani, chakula kinapoa. Siku ya pili akakutana na kibao kimeandikwa Kenya. Kumbe kijana ni wa Likoni! Sikumwona tena mama mkwe jioni hiyo.

Hapo ndipo ubaguzi ulipoanza, na nautaja bila aibu. Kwenye bafe ya asubuhi walikuwa wanaweka grits, ule uji wa mahindi meupe wanaoupenda watu wa kusini mwa Marekani. Mama mkwe akauchota kwa kijiko, akauinua, akautazama unavyochuruzika. "Huu," akasema, "ni ugali uliokosa msimamizi." Kijana wa Likoni akasikia. Sijui alizungumza na nani huko jikoni, lakini kesho yake mchana sahani ikafunikwa kifuniko cha chuma, ikapita mbele ya meza yangu, ikatua mbele ya mama mkwe. Ugali umesimama. Samaki wa kukaanga. Kachumbari imekatwa nyembamba, na pilipili ya kukaanga pembeni kwenye kibakuli. Mimi nilikuwa naomba pilipili tangu siku ya kwanza na kila nikiomba naletewa kichupa cha Tabasco. Nikanyoosha mkono kumega. Mama mkwe akaisogeza sahani. "Baba, wewe si ulisema umezoea chakula cha Kizungu?"

Kijana huyo alimweleza kwamba mkataba wake ni wa miezi tisa, siku saba kwa wiki, na kwamba mtoto wake ameanza kutembea anamwona kwenye simu. Mama mkwe akaenda chumbani akarudi na kashata za nazi alizozileta kutoka Tanga. Zilipitaje kwenye mashine ya ukaguzi pale bandarini, mimi sijui na sitaki kujua.

Turudi kwa shemeji, maana yeye naye alikuwa na mitihani yake. Alinunua kile kifurushi cha vinywaji, unalipa kwa siku kisha unakunywa utakavyo. Sharti lake ni kwamba kwa kampuni nyingi, mtu mzima mmoja chumbani akinunua cha pombe, mwenzake naye lazima anunue. Mkewe hanywi. Kwa hiyo kila siku shemeji anapiga hesabu ya hasara na kumpelekea mkewe kahawa zenye povu. "Kunywa, imeshalipiwa." Mama wa watu akawa hapati usingizi. Saa nane za usiku unamkuta anazunguka sitaha peke yake, macho makavu, anasalimia mabaharia.

Viti vya kando ya bwawa sitavizungumzia sana, nitapandisha presha. Nasema tu kwamba nimeamka saa kumi na mbili asubuhi, nikakuta viti vyote vimeshakaliwa na taulo. Siyo watu. Taulo! Limelala chali, kando yake kandambili moja na kitabu. Mwenyewe yuko bafe mpaka saa nne. Mhudumu ana amri ya kuziondoa ukipita muda fulani, lakini mhudumu huyohuyo ndiye anayetegemea bakshishi ya mwenye taulo, sasa wewe ungefanyaje?

Na hilo jina Karibi lenyewe, hebu tulitazame. Tangazo liliandika "Karibi ya Magharibi". Bandari zetu zilikuwa mbili, zote Meksiko: Progreso na Cozumel. Cozumel sawa, hiyo ni Karibi, maji ya buluu hadi unahisi kuna mtu amemwaga rangi. Lakini Progreso iko kwenye Ghuba ya Meksiko! Yaani nusu ya Karibi yangu haikuwa Karibi, na hakuna aliyenirudishia nusu ya nauli. Kijana wangu akanifahamisha kwamba hata kutia nanga si mapenzi: meli imesajiliwa Bahamas, nyuma imeandikwa Nassau, na sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inaitaka meli ya bendera ya kigeni iguse bandari ya nje kabla ya kuwarudisha abiria ilikowachukua. Kumbe haya yote anayajua, ila kukunja shuka ndiyo hajui.

Progreso bahari yake ni kina kifupi, kwa hiyo gati limejengwa kuingia baharini zaidi ya kilomita 6. Ukishuka melini, mji huuoni. Unapanda basi. Shemeji ana haki ya kushuka wa kwanza, kamba ya utepe inafunguliwa, anapungiwa mkono. Akashuka wa kwanza, akaingia kwenye basi, akaketi, akatusubiri sisi wa ghorofa za chini tujaze viti ndipo dereva aondoke. Alinitazama nilivyoingia. Sikusema neno.

Cozumel ndiko alikokasirika kabisa. Jimbo lile, tangu mwaka 2015, halifuati tena saa za Texas. Wakati wa baridi liko mbele kwa saa moja. Meli inabaki na saa yake. Karatasi ya maelezo iliwekwa mezani kwake, juu ya sinia, pamoja na zabibu. Akala zabibu. Huko ufukweni simu ikajirekebisha yenyewe, shemeji akaona saa ya kuondoka imefika, akakimbia gati zima na viatu vyake vyeupe, mkewe nyuma amebeba kofia, watu gatini wakawashangilia wakidhani ni wale wachelewaji wanaoachwaga. Akafika saa nzima kabla ya wakati. Jioni ile akaandika malalamiko: hakujulishwa.

Mimi, kule chini, karatasi yangu iliandikwa maneno yaleyale. Nilikuwa na muda wa kuisoma. Sina dirisha.

Usiku wa mavazi rasmi mama mkwe alitoka na kanga mpya na kilemba, wapiga picha wa meli wakaacha wenye suti wote wakamkimbilia. Wakamsimamisha kwenye ngazi, kushoto, kulia, cheka Mama. Kesho yake picha ziko ukutani, kila moja dola kama 20. Akaambiwa achague. "Wao ndio waliniomba," akasema, "sasa mimi ndiye nilipe?" Akasubiri alipwe. Mke wangu akanunua tatu kwa siri, na mimi nikajulia kwenye bili.

Siku ya kurudi, Galveston ikavaa ukungu. Huko wakati wa baridi ukungu ukishuka mlango wa bandari unafungwa, meli zinasubiri nje. Shemeji alipewa habari hiyo ukumbini kwake na mtu mwenye tai, pamoja na juisi na samahani, akapandwa na hasira. Mama mkwe alifurahi, maana chai ya asubuhi ilirefushwa hadi mchana na kijana wa Likoni akapata nafasi ya kuaga vizuri. Kwetu sisi wa ndani, sauti ya nahodha ilitokea mbali huko kwenye korido ikisema tutazame nje tujionee hali ilivyo.

Sasa wametutumia dodoso kwenye barua pepe. Shemeji ametoa 4, na ameongeza kurasa mbili. Mama mkwe ametoa 10 kila mahali, kisha akamwamuru mke wangu aandike salamu kwa mama wa yule Mwindonesia. Mwanangu ametoa 10 kwa ajili ya pizza. Mimi nilikuwa naendelea vizuri mpaka nikafika swali linalouliza kama niliridhika na mandhari ya bahari kutoka chumbani kwangu. Hakuna sehemu ya kuandika maelezo, na ukiliruka linakurudisha.

Nimeweka 10. Kusema kweli sikuona kasoro yoyote.