Naishi na babu yangu wa miaka miwili

Mwenzenu nina miaka 27, nina kazi Kariakoo, nina ndevu zinazohitaji kinyozi, na leo saa kumi na moja alfajiri nimeamshwa kwa kupigwa mwiko wa ugali. Aliyenipiga ana meno 16 na hajui kupenga kamasi. Nikainua mkono nimtishie, kumtishia tu jamani, sauti ya bibi ikapenya ukutani: "We! Usimguse mume wangu!"

Kosa lilifanyika siku ya kumpa jina. Mama tulidhani amemaliza, nguo za kitoto zilishagawiwa mpaka kwa shangazi Temeke. Mimi kifungua mimba niko kwenye hekaheka za kutafuta kodi ya chumba nihame, ghafla nasikia naongezewa mdogo. Kazini nilishindwa hata kuwaambia. Baba akatangaza kwamba mtoto atachukua jina la marehemu baba yake, sote tukaitikia, tukala pilau, tukalala. Hakuna aliyepiga hesabu. Leo hii baba anamwita "baba". Bibi anamwita "mume wangu". Mama akiwa na furaha anamwita "baba mkwe". Sasa kama ndiyo hivyo, mimi ni nani hapo? Mjukuu! Na wapi umeona mjukuu anamchapa babu yake makofi?

Na mwenyewe keshajua. Bibi amemfundisha kusalimiana, lakini amemfundisha nusu. Shikamoo haijui. Anajua marahaba. Anapita sebuleni na nepi imening'inia, hajasalimiwa na mtu, anagawa marahaba kulia na kushoto kama mgombea.

Nyumba yetu iko Mbagala, ndani ndani, ukishuka Rangi Tatu bado unahitaji bodaboda. Tuko watu 12: baba, mama, bibi, sisi saba wa tumbo moja, na watoto wawili wa mjomba waliokuja kwa wiki mbili mwaka juzi. Vyumba vinne, choo kimoja, rimoti moja. Choo tuna utaratibu wake, kila mtu anajua foleni yake. Rimoti ni mali ya mzee.

Siku ya mechi ya Simba na Yanga mimi na baba tulinuniana tangu asubuhi, maana yeye Yanga mimi Simba, na ndiyo desturi. Kipindi cha pili kimechangamka, mpira uko kwenye kumi na nane, paap! Katuni. Sungura anacheza ngoma. Rimoti haionekani. Tukainua makochi, tukapekua sufuria, tukamkagua mwenyewe mpaka ndani ya nepi, ukaguzi ambao sitausahau. Baba akasema kwa unyonge, "Mzee keshaamua." Mwanaume wa miaka 58 na mwanawe, watani wa jadi, tukatoka mbio na kandambili mpaka kibanda umiza cha mtaa wa pili, tukalipa kiingilio kuangalia mechi ambayo nyumbani tumeshailipia king'amuzi. Rimoti ilikutwa kesho yake kwenye ndoo ya maji ya kunywa, pamoja na soksi yangu. Maji hayo tulishayanywa tangu usiku.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba cheo chake kinabadilika kulingana na shida. Tukikaa kwenye sinia, kila mtu ana finyango yake inayojulikana kwa jina. Yeye anamaliza ya kwake, anainuka, anaanza ziara. Anasimama mbele yangu, mkono kiunoni, anaiangalia nyama yangu. Mama: "Mpe mwenzio, si mtoto huyo?" Nampa. Kesho yake anavunja chaja yangu, nalalamika, baba ananiuliza, "Unataka nimchape baba yangu?" Nikauliza siku moja kwa heshima zote: huyu ni mtoto au ni mzee, nijue moja? Bibi akanijibu kwamba nina wivu, eti hata marehemu mwenyewe nilikuwa namwonea wivu. Marehemu alifariki mimi nikiwa na miezi minne.

Umeme nao. Zile namba 20 za LUKU hapa kwetu haingizi mtu mwingine. Lazima abebwe, abonyeze yeye, la sivyo ataangua kilio mpaka jirani aje kuuliza kama kuna msiba. Kwa hiyo nimembeba mkono mmoja, simu mkono mwingine, namsomea gizani: nne, saba, mbili. Anabonyeza nne. Anabonyeza saba. Halafu moyo wake unaiangukia tisa. Anaipiga tisa mara sita. Mita inakataa, tunaanza upya. Watu kumi wamekaa kizani na njaa zao wanasema, "Mwache, anajifunza." Anajifunza nini, ufundi umeme? Simu imebaki asilimia 3, na zile namba ziko kwenye hiyo hiyo simu!

Sasa nije kwenye jambo lililoniharibia maisha. Mwezi uliopita mama alikuwa na kikao cha kikoba, akanikabidhi kadi ya klinik nimpeleke mzee akapimwe uzito. Nikafika, benchi limejaa kina mama watupu, mwanaume peke yangu. Wakamvisha kile kikaptura chenye mikanda, wakamning'iniza kwenye mzani kama mbuzi wa Vingunguti, kilo 12 na nusu, na anavyoning'inia anawaambia marahaba. Nesi akafurahi. Akageuka kwa benchi zima: "Mnamwona baba huyu? Wangekuwepo wanaume kumi kama huyu! Mpigieni makofi!" Wakapiga. Wengine vigelegele.

Ungefanya nini hapo? Nilipaswa kusema huyu ni mdogo wangu. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini nyumbani kwetu mimi sijapigiwa makofi tangu nimalize darasa la saba. Nikatabasamu. Nikainamisha kichwa kidogo, kwa unyenyekevu wa baba bora. Nesi akaniuliza, "Wa kwanza huyu?" Nikaitika.

Kumbe kwenye lile benchi alikuwepo binti wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, amemsindikiza dada yake. Binti ambaye nimetumia miezi saba kujipanga nimsalimie vizuri.

Turudi leo. Ule mwiko wa alfajiri ulikuwa wa kunijulisha. Mzee alihamia kwenye godoro langu usiku, na nepi aliivua mwenyewe kwa sababu ya joto. Sina haja ya kueleza zaidi. Nikalitoa godoro nje, nikaliegemeza kwenye ukuta wa mbele, upande wa barabara, maana nyuma kuna kuku wa bibi na jua halifiki. Saa moja asubuhi, nimesimama na kopo la maji na sabuni ya unga, nasugua, anapita nani? Huyo huyo.

Akasimama. Akaliangalia godoro, la futi tano kwa sita, la mtu mzima kabisa. Akaniangalia mimi. "Pole," akasema. "Ni mtoto wako?"

Nikapiga hesabu haraka kuliko mita ya LUKU. Nikisema ndiyo, nina mtoto. Nikisema sina mtoto, basi mkojo ni wangu. Nikisema ni mdogo wangu, nani ataamini, na pale klinik niliitika mbele ya watu?

"Ndiyo," nikasema. "Ni mwanangu."

"Hajambo lakini?"

Kabla sijajibu, mlango ukafunguka nyuma yangu. Akatoka bila hata nepi, mwiko begani, akamtazama yule binti kuanzia chini mpaka juu.

"Marahaba," akasema.